Gauni la Msaada: Sehemu ya Tisa

"Ameshachukuliwa na baba yake."

Hapo ndipo tulipokatia, na sina nia ya kuwazungusha. Aliyesema ni Mama Nyangi, mlezi wa kituo cha watoto kule Makoko, akiwa amesimama getini na ndoo ya uji mkononi. Aliyeambiwa ni Bhoke, ametoka Kiabakari alfajiri, vumbi mpaka kwenye kope, na furushi la kitenge kifuani.

"Baba yake?" Bhoke aliuliza.

"Ndiyo. Juzi. Alikuja na kitambulisho, tukaona jina ni lilelile alilolitaja mtoto. Tukampa."

"Mama, mtoto wangu hana baba mwanaume. Baba yake ni mwanamke."

Mama Nyangi akaweka ndoo chini. Kama angekuwa mtu wa pwani angecheka, au angemwita mlinzi. Lakini Mama Nyangi ni mwana wa Mara, amelelewa kwa maziwa ya huku, na neno lile lilimwingia kama mwiba wa mguuni.

"Nyumba ntobhu?" alinong'ona.

"Ndiyo, mama."

"Yesu wangu! Na mimi ni Mkurya. Shangazi yangu mwenyewe ameoa mwanamke! Ningeuliza swali moja tu, huyo Wambura wako ni mwanaume au ni bibi? Sikuuliza."

Kwa wewe uliyelikuta gazeti hili leo limefungia maandazi, nakupa habari kwa ufupi, wengine mnisamehe. Jenoveva Wambura ni mjane wa Butiama ambaye hakujaliwa mtoto wa kiume. Akatoa ng'ombe, akamwoa Bhoke kwa mila, ili watakaozaliwa na Bhoke wawe wa nyumba yake na wabebe jina lake. Katika nyumba nyingi watoto humwita mwanamke kama huyo bibi. Robi, binti wa Bhoke, yeye alimwita Jenoveva baba, na mwenyewe alipenda hivyo.

Masika yakaja. Mto ukavunja kingo mchana kweupe. Trekta lililokuwa linaokoa watu likapita na tela limefurika, haliwezi kusimama. Bhoke, maji kifuani, akamrusha Robi juu ya vichwa vya watu. Tela likaenda na mtoto. Bhoke akaenda na maji.

Aliokotwa kwenye mti, hana fahamu. Alipozinduka hospitali, aliambiwa mtoto amepatikana upande wa chini wa mto na ameshazikwa. Maji yalikuwa yameharibu uso. Jenoveva alimtambua kwa gauni.

Lile gauni la njano, wasomaji wangu. Gauni la msaada. Kwenye mafuriko ya kwanza, ya mvua za vuli, wasamaria walileta magauni ya watoto wa kike yaliyokatwa jora moja, njano tupu, mfuko mmoja mbele. Wakagawa Bunda, wakagawa Butiama, wakawapanga watoto mstari wakawapiga picha. Ninalo neno la kuwaambia wapiga picha wale, lakini leo sina nafasi.

Padre na mtendaji wa kijiji walimshauri Jenoveva mtoto azikwe kilimani, kwenye makaburi ya misheni, kwa sababu kule chini ardhi bado ilikuwa inatoa maji. Akakataa katakata. "Mtoto wa nyumba yangu hazikwi ugenini," alisema. Akamzika kwake, pembeni ya zizi, mahali ambapo watu wa nyumba hiyo wamelala tangu zamani. Gauni akalifua, akamtunzia Bhoke.

Bhoke alipolipokea akaligeuza. Mgongoni palikuwa na kifungo chekundu cha sweta. "Huyu si Robi," alisema. "Kifungo cha Robi ni cha njano." Kambi nzima ya waliofurikiwa pale Kiabakari ikamwonea huruma, ikasema uchungu umempanda kichwani. Watu walilia, Jenoveva alilia mpaka sauti ikakauka. Bhoke hakutoa hata tone. Angelia vipi, na yeye anasema si wake?

Mpaka redio ya kambini ilipotangaza kwamba yuko mtoto wa kike Makoko, aliletwa Musoma na gari la majeruhi, haongei, neno lake ni moja tu: baba yangu ni Wambura.

Sasa twende.

"Huyo mwanaume anakaa wapi?" Bhoke aliuliza.

"Alisema Mukendo, hapahapa mjini, kwa kaka yake mwenye duka la nafaka. Mwenyewe ni mtu wa Bunda, mkulima wa pamba. Na yeye alifurikiwa."

"Nipeleke."

"Dada, mimi nitafukuzwa kazi."

"Ukifukuzwa utapata kazi nyingine. Mimi nitapata wapi Robi mwingine?"

Mama Nyangi akavua aproni, akaitundika kwenye geti la kituo kama ameshajifukuza mwenyewe. Wakapanda bodaboda moja wote wawili.

Nakiri, baada ya toleo lililopita simu ya gazeti haikupumzika. Bwana mmoja wa Tarime anataka mwanaume huyo akamatwe leo leo. Mama mmoja wa Bunda amesema anyongwe, na ameomba jina lake lichapwe kwa herufi kubwa. Silichapi. Utanishukuru, mama, ukifika mwisho wa ukurasa huu.

Mukendo, nyuma ya duka la nafaka, kuna ua mdogo. Kitu cha kwanza Bhoke alichokiona kilikuwa gauni la njano, limeanikwa kwenye kamba, linachuruzika maji.

Akalirukia. Akaligeuza upande wa mgongo. Kifungo cha njano!

"Robi!" akapiga kelele. "Robi wee!"

Mwanaume akatoka chumbani mbio, mikono imejaa povu la sabuni. Mrefu, mwembamba, macho mekundu ya mtu asiyelala. Alipomwona Mama Nyangi akasimama. Alipomwona Bhoke ameshika lile gauni, akakaa chini palepale kwenye matope, mzima mzima.

"Nilijua utakuja," alisema. "Nilikuwa naomba Mungu usije, na nilijua utakuja."

"Mwizi wewe!" Bhoke alisema. "Mwizi wa watoto!"

"Niite tu, shemeji. Ni haki yako."

"Usiniite shemeji! Mtoto wangu yuko wapi?"

"Yuko ndani na mke wangu. Nakuomba kitu kimoja. Usipige kelele."

"Nisipige kelele? Nitaita Musoma nzima!"

"Mke wangu juzi ndiyo amekula," alisema huyo Wambura wa Bunda. "Tangu maji yamchukue Naomi wetu alikuwa hali. Alikuwa amelala ameangalia ukuta. Mtoto alipoingia, akaamka. Akaomba ugali. Ukimnyang'anya kwa kelele, atarudi ukutani, na safari hii hatageuka."

Bhoke alikuwa ameshainua mkono ampige. Mkono ukabaki hewani.

"Ulijua si wako?"

"Nilijua nilipofika karibu. Nilitafuta kila chumba cha maiti, Bunda na hapa. Redio ikasema Makoko kuna mtoto wa Wambura. Nilikimbia mimi, sikupanda hata gari. Nikaona kwa mbali, pale getini, gauni la njano. Nikaita Naomi! Mtoto akageuka. Sura siyo yake. Nikasema basi, nirudi. Lakini akaninyooshea mikono, anataka kubebwa. Wewe ungefanyaje?"

Bhoke akashusha mkono. Mama Nyangi alikuwa amegeukia ukutani anajifuta macho kwa kilemba.

Haya, msomaji wa Bunda. Bado tunyonge?

Ndani ya chumba palikuwa na mkeka, kitanda na magunia ya mtama. Mwanamke alikaa kwenye mkeka, kanga imefungwa kiunoni, anasuka nywele za mtoto aliyekaa katikati ya magoti yake. Huyo ndiye Yuliana, mke wa Wambura. Mtoto alikuwa anakula muhogo. Alikuwa mzima, hana hata mkwaruzo.

"Robi," Bhoke aliita, na sasa sauti ilikuwa ndogo kabisa. "Mama amekuja."

Mtoto aliinua macho. Muhogo ukamdondoka.

Bhoke akapiga magoti, akafungua mikono. Siku zote zile kambini alikuwa akiliota hili tu. Aliota mtoto anakimbia, anajigonga kifuani pake, wanaanguka wote wawili.

Robi hakukimbia. Alijikunja, akaingia nyuma ya mgongo wa Yuliana, akashika kanga yake kwa mikono miwili.

"Robi, ni mimi!"

"Wewe ulinitupa," mtoto alisema.

Hilo lilikuwa neno lake la kwanza tangu lile la Wambura. Yuliana mwenyewe alishtuka, kwa kuwa hakuwahi kuisikia sauti ile. Na Bhoke, ambaye maji yalimpiga kwenye mawe akapona, alianguka mbele kwa mikono yake kama aliyepigwa rungu.

"Sikukutupa, mama yangu. Sikukutupa."

"Ulinitupa kwa watu. Ukaenda."

"Maji yalinipeleka!"

Wambura alikuwa mlangoni. Aliogopa. Akamwangalia mke wake, akaanza kuongea harakaharaka kama watu wanavyoongea na mgonjwa. "Yuliana, huyu dada amechanganyikiwa kidogo, ametoka kambini. Naomi mwanangu, usiogope. Naomi wetu yupo na mama yake..."

"Wambura," Yuliana alisema. "Nyamaza."

Akanyamaza.

"Huyu siyo Naomi," Yuliana alisema taratibu, mkono wake bado uko kwenye msuko. "Unafikiri sijui? Nimembeba tumboni, nimemnyonyesha, sijui? Naomi ana kovu la uji wa moto hapa mkononi. Ulimleta huyu mlangoni, ukasema nimempata. Nikamwona mkono hauna kovu. Nikaona na uso wako. Nikasema, huyu mume wangu amebeba uongo mzito sana kutoka Makoko, nikiukataa ataanguka."

Wambura alifunika uso kwa mikono yenye povu.

"Ulijua?" aliuliza. "Na ukala?"

"Nilikula kwa sababu yako. Na nilitaka mtu anisumbue. Aniombe maji. Aniulize hiki nini, hiki nini. Naomi alikuwaga anauliza mpaka nachoka, namfukuza nje. Namfukuza!" Akakaza macho yasitoe kitu. "Huyu hakuuliza chochote. Nikamsuka tu."

Mume alimdanganya mkewe ili asife, na mke akakubali kudanganywa ili mume asife, na katikati yao mtoto wa watu anakula muhogo. Mimi nimeandika hadithi za mapenzi gazetini miaka mingi, za hoteli na magari. Sijawahi kuandika mapenzi kama haya, na nasikitika kuyaandika.

Yuliana akamshika Robi bega, akamtoa nyuma polepole.

"Nenda kwa mama yako. Mama hatupi mtoto."

Robi akakataa kwa kichwa, akajificha nyuma ya magunia.

"Atakuja tu," Yuliana alimwambia Bhoke. "Watoto wananunaga. Mpe muda." Kisha akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Umetoka upande gani, dada?"

"Butiama. Chini ya mto."

"Mto gani?"

Bhoke akautaja.

Wambura akainua kichwa. Yuliana akaweka chanuo chini.

"Sisi tuko juu ya mto huohuo," Yuliana alisema. "Upande wa Bunda." Akamsogelea Bhoke. "Dada, huko kwenu chini... hamkuokota mtoto?"

Hapo ndipo Bhoke alipolikumbuka furushi.

Tangu kambini hakuliachia. Alilileta Makoko ili awaonyeshe wanaobisha kwamba gauni hili silo, kifungo hiki sicho, kwa hiyo Robi wake yuko hai. Lilikuwa ushahidi wake wa furaha. Hakuwahi, hata mara moja, kujiuliza kwamba kama si wake basi ni wa nani. Nani angejiuliza? Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, na kila mzazi huujua wa kwake.

Sasa alijua. Akalibana furushi kifuani.

"Wewe umebeba nini humo?" Yuliana aliuliza.

Bhoke alifungua. Akalitoa gauni la njano, limekunjwa vizuri kama Jenoveva alivyolikunja. Akalilaza kwenye mapaja ya Yuliana, mgongo juu, kifungo chekundu kikionekana.

Hakuna aliyepiga yowe. Najua mlitegemea yowe. Wambura alishika fremu ya mlango. Mama Nyangi kule uani alianza kusali Salamu Maria.

Yuliana alikishika kile kifungo. Kilikuwa kikubwa kuliko tundu lake. Akakisukuma kwa kidole gumba, kikakataa, akakisukuma tena kwa nguvu mpaka kikapita.

"Kinagomaga hiki," alisema. "Cha kwake kilipotea, nikachukua cha sweta langu la zamani. Kila asubuhi tulikuwaga tunapigana nacho. Anasema mama unaniumiza, namwambia simama vizuri. Dada, aliumia?"

"Sijui, dada. Mimi sikuwepo. Nilikuwa hospitali."

"Nani alimwosha?"

"Mzee Jenoveva. Mwenye nyumba yangu. Kwa maji ya moto na sabuni. Alimvisha shuka jipya la msaada, jeupe."

"Nani alimlilia?"

Bhoke angeweza kusema uongo. Nyumba ile ilikuwa na uongo wa huruma tayari, mmoja zaidi usingeonekana. Lakini alimtazama yule mwanamke akashindwa.

"Watu walilia," alisema. "Lakini walimlilia Robi. Walitaja jina la Robi. Jina la Naomi hakuna aliyelijua. Na mimi... mimi sikulia kabisa. Nilikaa nasema huyu si wangu, huyu si wangu. Niliwaambia wasinipe pole. Nisamehe, dada."

Yuliana akapitisha kiganja juu ya gauni.

"Kwa hiyo hajaliliwa," alisema. "Mwanangu amelala kwa watu na jina la mwingine, hajaliliwa na mama yake."

Akainuka. Mtu aliyekuwa amelala ameangalia ukuta, akainuka peke yake, akajifunga kanga ya pili, akatafuta ndala.

"Wambura, chukua nauli. Tunaenda."

"Leo?"

"Sasa hivi. Nikamlilie kwa jina lake. Dada, nipeleke. Huyo mzee wako atakataa?"

"Hatakataa," Bhoke alisema. "Ngoja nimpigie tumwambie."

Wambura akampa simu. Bhoke alipiga namba ya Prosper, msimamizi wa kambi ya Kiabakari, kwa kuwa Jenoveva simu yake ilikwenda na maji. Simu iliita sana. Ilipopokelewa zilisikika kelele nyingi, watu wanaita watu.

"Prosper, ni Bhoke. Nipe mzee."

"Bhoke! Uko wapi? Huku kume... Ngoja. Ngoja nikupe mwenyewe."

Ikasikika pumzi ya kizee.

"Bhoke?"

"Mzee, nimempata! Robi yupo! Yu hai!"

Ikatoka sauti ambayo Bhoke hakuwahi kuisikia kwa Jenoveva, mwanamke aliyenunua ng'ombe na kuuza ng'ombe na kubishana na wanaume mnadani bila kupepesa macho.

"Usinitanie, mwanangu. Mimi nimemzika huyo."

Bhoke akaweka simu kwenye spika, akaisogeza kwa mtoto.

"Robi," simu ilisema. "Robi wangu?"

Robi akatoka nyuma ya magunia.

"Baba?"

"Eee, ni mimi. Ni baba yako."

"Baba, mama alinitupa."

"Hapana. Sikiliza baba yako. Mtu anatupaga takataka. Mama yako alikurusha. Maji yalikuwa yanakuja kukuchukua, akakurusha juu ili yachukue yeye. Mimi nilikuwa kwenye paa, niliona kwa macho haya. Kama watu walikudaka, hapo ndipo sikuona. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Haya. Mshike mama yako."

Robi akamwangalia Bhoke. Akaangalia simu, kama anahakikisha amri. Halafu akatembea, hakukimbia, akatembea tu mpaka akasimama mbele ya mama yake, akaweka kiganja kidogo chenye unga wa muhogo kwenye shavu lake. Bhoke akamvuta, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika.

Yuliana alikuwa amesimama na gauni mkononi anawatazama. Hakugeuza macho. Alitazama mpaka mwisho, kama mtu anayekunywa dawa.

"Mzee," Bhoke alisema, akizima spika na kuweka simu sikioni, Robi yuko mapajani. "Mtoto uliyemzika ana wenyewe. Ni wa juu ya mto, upande wa Bunda. Anaitwa Naomi. Mama yake yuko hapa. Anataka kuja sasa hivi, alilie kaburi la mwanae."

Simuni zikasikika kelele za watu tu.

"Mzee? Umenisikia?"

"Nimekusikia." Pumzi. "Bhoke, ulipoondoka asubuhi, kule milimani mvua ilipiga. Mchana mto umerudi."

"Umerudi vipi?"

"Umerudi na njia nyingine. Umekata kingo kutoka kisimani mpaka zizini. Nyumba imeenda. Mihogo imeenda. Tumekimbilia nyumbani na Prosper, tumesimama hapa juu tunaangalia." Kizee kikaanza kulia, kilio kile cha sauti iliyokwisha kukauka. "Pembeni ya zizi, Bhoke. Pale pembeni ya zizi ni maji. Padre aliniambia nimpandishe kilimani. Aliniambia! Nikasema mtoto wa nyumba yangu hazikwi ugenini. Kumbe nilimzika mtoto wa watu, nikampa mto mara ya pili. Nitamwambia nini mama yake?"

Bhoke akambana Robi kifuani.

Ndani ya chumba Wambura alikuwa tayari amevaa shati. Mama Nyangi alikuwa ameahidi kwenda nao, kazi iende ikitaka. Yuliana alikuwa ameshalikunja gauni upya, na alikuwa anatafuta mfuko wa kuliweka. Uso wake ulikuwa na kitu ambacho hakikuwepo asubuhi. Nakitaja kwa jina lake: ilikuwa nafuu. Alikuwa mama anayekwenda mahali alipo mwanae.

"Amekubali?" aliuliza.

Bhoke alimwangalia.

"Mwambie sitakaa sana," Yuliana alisema. "Mwambie aniwekee tu mtu wa kunionyesha pale. Na pana kivuli, dada? Naomi alikuwaga hapendi jua."

Simu ilikuwa bado sikioni, na ndani yake mwanamke mzee analia. Kwenye mapaja ya Bhoke, Robi alikuwa amekaa, mzito, ana joto, yu hai. Bhoke akafungua mdomo ili ajibu. Yalitoka machozi, yale yaliyokataa kutoka siku zote kambini, yakamwagika mpaka yakamlowesha mtoto kichwani.

Yuliana akasimama na gauni la njano kifuani. Akamtazama kwa mshangao.

"Dada," akauliza, "mbona wewe ndiye unalia?"